Kitanda cha Mama Mkwe

Ijumaa saa tatu asubuhi, Gathogo alipiga simu kusema pikapu haiji. Hakuomba msamaha. Alisema tu imebeba mahindi kwenda Kitale, dereva hapatikani, na kwamba kesho kutwa, Mungu akipenda, atakuja mwenyewe kuchukua kitanda cha mama yake.

"Kesho kutwa ni Jumapili," Edwin Kipkirui akamwambia shemeji yake. "Mama anatoka hospitali leo. Leo saa kumi, Gathogo."

"Si mumweke kwenu Kapsoya hizo siku mbili?"

"Unajua hawezi."

"Basi beba na hako kagari kako." Gathogo akacheka. "Si huwa unasema kanabeba kila kitu?"

Edwin alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu mpole, na kwa kweli alikuwa na tabia hiyo ya kusifia Vitz yake mbele za watu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini siku hiyo ili akae kiti cha mbele cha pikapu ya shemeji na kuonyesha njia. Sasa alibaki amesimama sebuleni na simu mkononi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na yeye cha nduguye alikitegemea wiki nzima.

Mama Nyokabi, mama mkwe wake, alianguka ghalani kwake Moi's Bridge akivunja mfupa wa nyonga, na madaktari wa Eldoret walikuwa wamemwekea kiungo kipya. Mtaalamu wa mazoezi aliwaonya bila kupaka sukari: miezi mitatu mama huyu asikae wala kulala mahali palipo chini kuliko magoti yake. Akiinama sana, kiungo kitachomoka na atarudi kupasuliwa. Kitanda chake cha nyumbani kilikuwa cha chini, na godoro limebonyea kama karai. Ndiyo maana fundi Muigai alipewa kazi ya kutengeneza kingine kirefu, futi tatu kwa sita, chenye miguu ya kumfaa.

Kumpeleka Kapsoya hakukuwa jibu. Nyumba ya Edwin ilikuwa na chumba kimoja na sebule, na Mama Nyokabi alikuwa Mkikuyu wa zamani ambaye thoni, ile heshima yenye haya baina ya wakwe, ilikuwa imemwingia hadi kwenye uboho. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Naye mkwe haoni chumba cha mama mkwe wake, sembuse kitanda. Edwin, kwa upande wake, alilelewa na Wakalenjin wenye haya zao zilezile, kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja wawili hao walikuwa wameshindana kuheshimiana. Hawakuwahi kukaa kiti kimoja. Alipowatembelea, mama alikaa karibu na mlango na kuaga kabla chai haijapoa.

Simu ikalia tena. Alikuwa Waithira, mke wake, akipiga kutoka wodini.

"Edwin, Gathogo ameniambia. Sasa Mama anasema kama hakuna kitanda kipya atalala kile chake cha zamani. Amesema alikilalia miaka arobaini na hakijamuua."

"Mwambie asithubutu."

"Mwambie wewe! Mimi nimelia hapa mpaka sista ameniletea maji."

"Nitapeleka kitanda na Vitz," Edwin akasema. "Au ngoja. Waulize kama wanaweza kumwachilia sasa hivi. Nitawabeba na kitanda safari moja tu, petroli nayo..."

"Daktari wa kutia sahihi anakuja saa kumi. Nenda na kitanda kwanza, uje utuchukue."

Edwin alinung'unika. Hakujua alivyobahatika.

*

Muigai alikilegeza kitanda bolti moja moja. Upande wa kichwani, upande wa miguuni, mbao mbili ndefu za ubavuni, vibao vya kulalia godoro. Viti vya nyuma vya Vitz vikalazwa. Mbao ndefu ziliingia zikapita juu ya kiti cha abiria hadi ncha zake zikagusa kioo cha mbele, na upande wa kichwani ukasimamishwa nyuma ya dereva, ukaziba dirisha lote la nyuma.

"Hapo huoni nyuma, mwalimu," Muigai akasema.

"Kuna vioo vya kando."

Likabaki godoro. Edwin alilitazama kama mwanafunzi anavyotazama fimbo. Kulikunja kungetaka alikumbatie, aliwekee goti, alibane kifuani. Godoro ambalo mama mkwe wake angelilalia!

"Muigai, hebu nifungie hii juu ya gari."

"Mimi ni fundi wa mbao," Muigai akajibu, huku wenzake wa karakana wakicheka waziwazi. "Mkwe ni wewe, godoro ni la mkweo. Pambana."

Basi Edwin akalinyanyua kwa ncha za vidole, kama mtu anayeanua nguo ya ndani ya mgeni, akalitupa juu ya paa. Ili watu wa barabarani wasijue amebeba malazi ya nani, akalifunika kwa shuka la maua. Akazungusha kamba ya katani mara moja, akaipitisha madirishani, akafunga fundo la haraka bila hata kuvuta. Lililobaki angelishikilia kwa mkono wa kulia kupitia dirisha lake, jinsi tulivyoona watu wengi wakifanya, na jinsi ambavyo wengi wamejutia.

Hadi nje ya mji mambo yalikwenda. Watoto wa shule walimpungia. Edwin alianza kuona kwamba Vitz yake, kweli, inabeba kila kitu, akaongeza mwendo kidogo.

Karibu na Soy, lori tupu likaja mbele yake kwa kasi. Lilipompita, upepo wake ukaingia chini ya shuka, shuka likavimba, godoro likainuka kwa mbele. Edwin alihisi mkono wake ukivutwa nje kana kwamba kuna mtu anaung'oa. Akaachia. Kamba ikakatika, godoro likaruka, naye akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo alipojua alichokuwa amebeba. Vitz ilisimama, lakini mbao hazikusimama. Zote mbili zilisukumwa mbele, zikapiga kioo upande wa abiria, na kioo kikapasuka ufa kutoka chini hadi juu. Nyuma yake, asikokuona, breki za gari kubwa zililia kwa muda mrefu sana. Lori la mahindi lilitoka barabarani, likasimama kwenye nyasi.

"Wewe!" dereva wa lori akapiga kelele. "Unataka kuua watu na malazi yako?"

Edwin alikuwa akitazama kiti cha abiria kilichokuwa wazi, na zile ncha mbili za mbao zilipofikia. Kama daktari angekuja mapema, kama safari ingekuwa moja, hapo ndipo Mama Nyokabi angekuwa amelaza kichwa. Akafungua mlango, akatapika chai ya asubuhi kando ya barabara.

*

Mwanamke aliyelivuta godoro kutoka katikati ya barabara aliitwa Jepchumba. Aliuza viazi na kabichi hapo kando, nyuma ya gari kuukuu aina ya Probox lililojaa magunia, na alikuwa na mikono ya mtu ambaye hajawahi kuomba kubebewa kitu.

"Chamgei," akamsalimia Edwin. "Umeumia?"

"Chamgei. Hapana, mama. Sijaumia."

Aliokota kipande cha kamba, akakigeuzageuza. "Nani alikufungia hii?"

"Ni mimi."

"Mbona umefunga kama mtu anaogopa?"

Haya zilimjaa Edwin, lakini mtu aliyetoka kutapika mbele ya watu hana cha kuficha tena. Akamweleza yote: yeye ni mwalimu tu, kitanda ni cha mama mkwe, godoro ni la mama mkwe, na yeye alishindwa hata kulishika sawasawa. Jepchumba akacheka mpaka akajishikilia kwenye Probox. Kisha akaona ufa wa kioo, na kicheko kikaisha.

"Huyo mama angekuwa ndani?"

"Nilitaka awe ndani."

"Sikia, mwalimu. Aibu haifungi kamba. Toa kila kitu nje, tuanze upya."

Walitoa kila kitu. Jepchumba hakuwa na haraka, na kila Edwin alipotazama saa alimzomea. Vile vipande viwili vizito, cha kichwani na cha miguuni, alivilaza sakafuni mwa gari. "Kizito chini. Gunia la viazi haliwezi kukaa juu ya kabichi, si ndio?" Mbao ndefu alizifunga pamoja, akazivisha magunia kwenye ncha, akalaza kiti cha abiria na kuzipitisha kandokando yake mpaka ncha zikateremka chini, pale abiria anapoweka miguu, zikakwama. "Hapo hata ukipiga breki, zinasukuma gari, hazisukumi kioo." Akazifunga kwenye miguu ya kiti kwa mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu za baiskeli. Vibao vikafuata, navyo vimefungwa furushi moja.

"Sasa godoro," akasema. "Mimi sishiki. Mkwe ni wewe."

Edwin alivuta pumzi. Akalikunja godoro katikati, akalipanda kwa magoti yote mawili, akalikumbatia kama mtu anayepigana mieleka, jasho likimtoka, huku Jepchumba akizungusha mipira na kukaza. Lilipungua nusu. Wakalisukuma ndani juu ya zile mbao, chini kidogo ya shingo za viti, na mlango wa nyuma ukafungwa, tak, bila kulazimishwa.

Kila kitu kilikuwa kimeenea. Kilikuwa kimeenea tangu asubuhi, lau mtu angekubali kuweka goti.

"Keti. Unaona nyuma?"

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona... yule dereva wa lori. Bado amekasirika."

"Vizuri. Sasa nenda hatua ishirini, halafu piga breki kwa nguvu."

Edwin akaenda, akakanyaga. Hakuna kilichosogea. Alirudi kumshukuru, akaingiza mkono mfukoni, lakini Jepchumba akaukataa mkono huo kabla haujatoka. Alimuuzia tu kabichi mbili, kwa bei ileile ya watu wote, akazichomeka mwenyewe chini nyuma ya kiti cha dereva. "Hata kabichi inavunja shingo," akasema. "Kongoi, asante. Endesha pole."

*

Alifika Moi's Bridge saa saba. Maximilla, jirani aliyekuwa akilisha kuku wa Mama Nyokabi, alimfungulia nyumba na kumsaidia kushusha. Vipande vyote vikapelekwa mpaka mlango wa chumba cha kulala, na mlangoni hapo Edwin akakwama.

"Ingia basi," Maximilla akasema.

"Siwezi. Ni chumba chake."

"Na mimi siwezi bolti."

"Nitakuelekeza."

Edwin akatoka nje, akasimama chini ya dirisha la chumba na kulipa mgongo, akaanza kufundisha hesabu ya vitanda. "Bolti ndefu ni ya kichwani! Zungusha kulia!"

"Kulia yangu au yako?"

"Kulia ya spana!"

"Spana haina kulia, baba!"

Ilipofika saa nane na nusu kitanda kilikuwa kimesimama, lakini Maximilla alipokisukuma kilicheza kama jino la mtoto. Alikaza, kikacheza. Alikaza tena, akaumia kidole, akatoka nje akikinyonya na kutangaza kwamba yeye alizaliwa kulisha kuku.

Edwin aliweka paji la uso kwenye ukuta. Saa kumi ilikuwa inakuja. Kupeleka mgonjwa wa nyonga kwenye kitanda kinachocheza ilikuwa sawa na kumrudisha mwenyewe kwenye kisu. Na Gathogo, mwana wa kumzaa, ambaye angeweza kuingia chumba hicho bila kubisha, simu yake ilikuwa imezimwa. Akampigia Waithira, akamweleza kwa sauti ya chini jinsi kitanda kinavyocheza.

"Ngoja," Waithira akasema. Edwin akasikia Kikikuyu kikipigwa upande wa pili, cha haraka, kisha sauti ambayo haikuwa imewahi kuzungumza naye kwa simu zaidi ya salamu.

"Muthoniwa," ikamwita, yaani mkwe.

"Mama." Edwin, peke yake nyuma ya nyumba, akavua kofia.

"Hicho kitanda, nimeshakilalia?"

"Hapana, Mama."

"Basi bado si kitanda changu. Ni mbao za fundi. Mbao kila mtu anashika." Akapumzika kidogo, kusema kulimchosha. "Ingia ukaze. Nikishalala, ndio usiingie tena."

Lisilobudi hutendwa. Edwin akaingia akiwa ameinamisha macho, akiyaelekeza kwenye bolti. Lakini macho hayafungwi kamba. Kando ya ukuta, pale Maximilla alipokisukuma, kilikuwepo kile kitanda cha zamani, na godoro lake lilikuwa na shimo upande mmoja tu, upande wa ukutani. Upande wa pili, wa mzee Ng'ang'a aliyefariki miaka kumi na minne iliyopita, ulikuwa umeinuka bado. Mama huyu alikuwa amelala pembeni miaka yote hiyo, akiwa amemwachia mumewe nafasi. Edwin akasimama na spana mkononi. Hili ndilo mkwe hakutakiwa kuliona, na sasa alielewa ni kwa nini: ukishaliona, huwezi tena kumtendea mtu mambo nusunusu.

Alilegeza bolti zote nane, akazianza upya, mbili mbili, kwa mshazari. Akakisukuma kutoka kila upande. Akakipanda kwa magoti na kukitikisa kwa uzito wake wote. Hakikulia hata kidogo. Akatandika shuka, si lile la maua, akatoka na kufunga mlango.

*

"Mbele ni pa bibi yako," Mama Nyokabi alisema saa kumi na robo, akiwa ameegemea fremu yake ya kutembelea mbele ya Vitz. "Nitakaa nyuma."

"Nyuma ni chini sana, shosho," mtaalamu wa mazoezi akamwambia. "Na hakuna pa kunyoosha mguu. Ni mbele ama urudi wodini."

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kimelazwa kidogo, na mto mgumu umewekwa juu yake kukiinua. Mama akaketi kwanza, mguu ukiwa umenyooshwa, kisha wakamzungusha taratibu kama wanavyozungusha keki kwenye sahani. Mkanda ukafungwa. Waithira akaingia nyuma ya Edwin. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, mkwe na mama mkwe walikaa bega kwa bega, na wote wawili wakatazama mbele moja kwa moja kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Edwin alikwenda kilomita arobaini kwa saa. Magari yote yalimpita, mengine yakimpigia honi, na hakujali. Kwenye kila tuta alikaribia kusimama.

Walipokaribia Soy, Mama Nyokabi akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hii ufa ni ya nini?"

Waithira aliinama mbele. Hata yeye hakuwa ameuliza. Edwin angeweza kusema ni jiwe.

"Ni mbao za kitanda, Mama. Nilifunga vibaya. Nilipiga breki zikaja mbele."

"Zikaja hapa."

"Hapo hapo."

"Na mimi ningekuwa nimekaa hapa."

"Nilitaka iwe hivyo. Nilitaka twende safari moja. Mama, nisamehe."

Edwin akapunguza mwendo zaidi. Waithira alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Basi tushukuru daktari kuchelewa," Mama Nyokabi akasema hatimaye. Na baada ya kitambo, bila kumtazama: "Umeendesha vizuri jioni hii. Sijasikia mfupa hata mara moja."

Nyumbani, mlango ulikuwa na ngazi mbili. Fremu haikupanda ngazi, Waithira alikuwa mwembamba, na Maximilla kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Mama akazitazama ngazi, akamtazama binti yake, kisha akamnyooshea Edwin mkono. Edwin hakusita. Alimshika chini ya kwapa, akamzungushia mkono wa pili kiunoni, akambana kifuani kwa nguvu inayostahili, na wakapanda: mguu mzima kwanza, mbaya ukifuata. Mlangoni mwa chumba akamwachia Waithira, akageuka na kurudi nje.

Alikaa kwenye ngazi ya chini jua likizama. Alisikia sauti za wanawake, nguo zikikunjuliwa, maji yakimiminwa. Kisha kimya. Alikuwa akisubiri kuitwa, akisubiri kilio, akisubiri bolti ya tisa ambayo labda aliisahau.

Alichosikia kilikuwa mkoromo. Ulianza kidogo, ukasita, ukashika njia yake, mzito na wa raha, mkoromo wa mtu ambaye hajapata usingizi siku tisa. Waithira akajitokeza mlangoni akifuta macho, akacheka bila sauti. Edwin akasimama mara moja. Si adabu mkwe kusikia hilo. Akaondoka kwa ncha za vidole, akavuka uwanja, akaenda kusimama getini, na huko machozi yakamtoka kwa furaha, wala hakuyazuia.

Taa mbili kubwa zikaja zikirukaruka barabarani. Ilikuwa pikapu, tupu, injini ikinguruma kama kinu cha posho. Gathogo akatoa kichwa dirishani.

"Sasa nimefika! Kitanda kiko wapi nikibebe?"

Edwin akanyoosha mkono mbele ya taa.

"Zima gari, Gathogo," akasema taratibu. "Mama amelala."